Ziwa Nyasa Lina Mabonde Yake

Katika ramani ya darasani kwetu Milima ya Livingstone imechorwa vizuri, lakini Ziwa Nyasa ni buluu tupu, kama kwamba chini yake ni sakafu ya saruji. Kwa maoni yangu hilo halitoshi. Penye kina kirefu kabisa ziwa lafika mita 706, yaani pima 386, na kwa kuwa uso wake uko mita 470 hivi juu ya usawa wa bahari, chini yake ni chini kuliko bahari ya Mtwara!

Zamani mabaharia walipima kwa bildi, kamba yenye risasi. Siku hizi chombo hupeleka sauti. Yaenda chini na kurudi kwa sekunde moja hivi.

Wengine watauliza, sisi wa Nakapanya tulio mbali na maji yatuhusu nini? Na dagaa wa bwaloni je? Chini ya mita 250 hivi maji hayana oksijeni, samaki hawaishi. Tena watu husafiri humo: MV Mbeya II ilianza kuchukua abiria mwaka 2021, na mwamba uliojificha haumwonyi nahodha. Twaomba walimu watuchoree mistari ya kina, hata kwa chaki.