Shimba Hills na Diani: Usimalize Kulipa Kabla ya Kuuona Msitu

Likizo ikikaribia, WhatsApp hujaa matangazo: "Shimba Hills na Diani, siku moja, gari na chakula ndani, bei poa, lipia leo!"

Safari yenyewe hatuipingi, ni tamu kweli. Asubuhi mnatembea msituni na askari wa KWS hadi maporomoko ya Sheldrick, maji yanayoanguka zaidi ya mita 20. Mkibahatika mtaona palahala, swala wa pembe ndefu ambaye Kenya nzima amebaki huko tu. Mchana mnateremka Kaya Kinondo. Hapo mnafungwa kaniki kiunoni na mwenyeji wa Kidigo anawaingiza kwenye msitu mtakatifu, mojawapo ya kaya za Wamijikenda zilizotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Jioni ni ufuo wa Diani.

Tunachopinga ni kutuma pesa yote mapema kwa namba ya mtu usiyemjua. Fikiria mweka hazina wa chama. Wanachama wamechanga mwaka mzima, naye anatuma zote kwa mpigo ili "nafasi zisiishe". Siku ya safari watu wako steji saa kumi na moja alfajiri na mabegi, gari halionekani, namba haipatikani. Akitupigia, tutajaribu kumsaidia. Lakini mpokeaji akishatoa pesa, kuirudisha ni kibarua kigumu. Na mweka hazina ndiye atakayeulizwa na wenzake.

Kwa hivyo tunasema: gawa malipo.

Kwanza, arbuni. Mwenye gari anahitaji mafuta, hilo tunalielewa. Lipa sehemu tu, kwa till au paybill ya biashara, na usome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Jina likiwa tofauti na la kwenye tangazo, simama hapo hapo.

Pili, ada ya Shimba Hills. Hiyo ni ya KWS na hulipwa kupitia eCitizen. Dereva akisema atawalipia, mwombe risiti.

Tatu, mwongozaji. Mkubaliane bei mkifika, kisha mlipe yeye mwenyewe mkimaliza matembezi. Msianze kupunguza bei wakati ameshawaonyesha kila kitu. Anayejua kila mti wa kaya kwa jina anafanya kazi, habahatishi. Mtandao ukisumbua, usimwambie "nitakutumia nikifika Nairobi". Beba pesa taslimu kidogo.

Wengine watasema huku ni kusumbua watu wa tours. Sisi hatuoni hivyo. Mfanyabiashara mwaminifu hapotezi chochote ukilipa kwa awamu, na salio atalipata gari likifika. Anayekasirika kwa sababu umeomba till amekujibu tayari.

Na PIN yako? Hiyo haiombwi na dereva, mwongozaji, wala sisi.