Kicheko Kilichohukumiwa Bila Kusikilizwa

Wako wanazuoni ambao wakisikia jina la Batman hukunja uso, na wakiambiwa kwamba Batman anayezungumzwa ni yule wa televisheni ya Marekani wa mwaka 1966, hugeuza uso kabisa. Hukumu yao ni fupi. Batman wa siku za baadaye, mwenye huzuni na ghadhabu, aliyeandikwa na Frank Miller mwaka 1986 na kuonyeshwa katika filamu za Christopher Nolan kuanzia mwaka 2005, anastahili kufundishwa na kuandikiwa tasnifu. Huyu mwingine ni upuuzi wa watoto, nao upuuzi hauna nafasi katika chuo kikuu. Hukumu hiyo imerudiwa mara nyingi hata imefanana na kweli. Lakini neno halipati kuwa kweli kwa kurudiwa, na hili yafaa lipimwe.

Mambo yenyewe hayana ugomvi. Batman alizaliwa katika kitabu cha katuni mwaka 1939, kwa kazi ya Bob Kane na Bill Finger. Mwaka uliofuata akapewa kijana Robin awe mwandani wake. Tarehe 12 Januari, 1966, shirika la ABC lilianza kuwaonyesha katika televisheni, Adam West akiwa Batman na Burt Ward akiwa Robin, na hadi mwezi wa Machi, 1968, michezo 120 ilikuwa imekwisha kuonyeshwa. Mpango wake wajulikana: mhalifu mwenye kichaa cha namna yake azusha balaa katika mji wa Gotham, mkuu wa polisi, asiyejua la kufanya, ashika simu, tajiri Bruce Wayne na kijana amleaye wavaa vinyago na majoho, wanaswa katika mtego wa ajabu, waponyoka, mhalifu apelekwa gerezani.

Shtaka la kwanza ni kwamba mchezo huu ni wa kitoto. Mshitaki hapa amesahau kuutazama uso wa Adam West. Mtu mzima aliyevaa joho na masikio ya popo aingia katika ukumbi wa dansi na kuagiza maji ya machungwa. Amhimiza kijana wake kufunga mkanda wa gari wakati mji mzima u hatarini. Na maneno yake yote huyasema kama kadhi atoaye hukumu, wala hacheki hata mara moja. Mtoto amtazama akaona shujaa. Mzazi aliyeketi nyuma yake aona dhihaka. Na wote wawili wameona sawa. Kusema neno moja likasikiwa kwa maana mbili, bila msemaji kukonyeza jicho, si kazi ya kitoto. Watu waliolelewa katika lugha ya mafumbo, ambamo kanga huweza kusema na jirani na mwenye kanga akanyamaza, wangepaswa kuwa wa mwisho kuidharau.

Tena watazamwe wahalifu wenyewe. Penguin, aliyechezwa na Burgess Meredith, haachani na mwavuli wake. Riddler, aliyechezwa na Frank Gorshin, hawezi kuiba bila kwanza kutega kitendawili. Kama Riddler angetaka mali tu, angenyamaza, naye Batman asingempata. Lakini ataka zaidi ya mali: ataka ajulikane kuwa mwerevu. Katika desturi ya Waswahili ashindwaye kutegua kitendawili hutoa mji, nao ni mji wa maneno tu. Riddler ataka mji wa kweli, na papo hapo hawezi kujizuia kuwapa adui zake ufunguo wa lango. Majivuno yamtia pingu kabla ya polisi kufika. Aonaye huo kuwa upuuzi na ahesabu ni wakubwa wangapi, na wanazuoni wangapi, walioangushwa na tamaa ile ile.

Shtaka la pili ni kwamba mchezo hauna neno zito juu ya maisha ya watu. Jibu lake limo katika michezo miwili ya mwezi wa Novemba, 1966, ambamo Penguin agombea umeya wa Gotham. Mwizi huyo aja na bendi, wasichana na shamrashamra. Batman, mpinzani wake, aeleza mambo ya mji kwa makini mbele ya wasikilizaji wachache, na akataa kubusu watoto kwa kuchelea afya yao. Watu wamkimbilia mwizi. Ni nchi gani ipigayo kura iwezayo kuutazama mchezo huo bila kujikuna?

Sasa alinganishwe na Batman msifiwa. Katika filamu ya mwaka 2008 tajiri yule yule ageuza simu za raia wote kuwa masikio yake. Ni kweli kwamba mwandani wake alalamika, na kwamba mtambo huo waharibiwa mwishoni. Lakini kwanza wafaulu, na mtazamaji aombwa kuusamehe kwa sababu hatari ilikuwa kubwa. Giza la picha na uzito wa muziki vyamtaka aheshimu mtu mwenye mali ajipaye mwenyewe mamlaka usiku. Mchezo wa 1966 wamwonyesha tajiri huyo huyo na serikali ile ile iliyoshindwa kazi yake, kisha wamwachia mtazamaji acheke. Kati ya hao wawili, ni yupi amfanyaye raia awe macho?

Haikanushwi kwamba mchezo una kasoro. Mpango mmoja ukirudiwa mara mia huchosha, na mwaka wake wa mwisho ulikuwa dhaifu kuliko wa kwanza. Wala haikanushwi kwamba Miller ni fundi. Linalokanushwa ni kipimo: kwamba kazi yenye giza ni nzito kwa sababu ya giza lake, na yenye kicheko ni nyepesi kwa sababu ya kicheko chake.

Kipimo hicho hakiishii Gotham. Mwanafunzi akizoeshwa nacho, kesho atamdharau Abunuwasi, ambaye aliwaambia wafalme yale ambayo mawaziri hawakuthubutu. Na keshokutwa atapita mbali na Bwana Msa na mwandani wake Najum, aliowaleta Muhammad Said Abdulla katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, kwa kuwa anawafurahia. Chuo kikuu kifundishacho kuona haya kwa furaha hakijaongeza elimu. Kimewapunguzia wanafunzi wake jicho moja, kisha kikawasifu kwa kuona vizuri gizani.