Tumpunguzie Mpagazi Mzigo

ZAMANI misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe ilitegemea mabega ya wapagazi. Kila mmoja alibeba frasila mbili hivi. Kiongozi aliyewazidishia watu wake mizigo alichelewa kufika, au hakufika kabisa.

Leo mpagazi wetu ni waya wa umeme. Mwananchi wa Itetemia, kando ya mji wa Tabora, na ndugu yake wa Unguja wanaishi mbalimbali, lakini wote wako mwishoni mwa njia ndefu. Tabora huletewa umeme kwa njia itokayo Shinyanga. Unguja kwa waya wa baharini kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba.

Visiwani hawahitaji kukumbushwa maana ya jambo hili. Waya wao wa kwanza, wa mwaka 1980, ulikuwa na uwezo wa megawati 45. Desemba 2009 umeme ulikatika Unguja, ukarejea Machi 2010. Waya wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013.

Serikali imefanya kazi kubwa katika uzalishaji. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kutoa umeme mwaka 2024. Hata hivyo, Aprili 1 mwaka huo huo Gridi ya Taifa ilipata hitilafu na nchi ikaingia gizani. Ni dhahiri kuwa wingi wa umeme bwawani si uhakika wa umeme nyumbani. Kati yake ziko nyaya na transfoma. Na mkondo ukizidi mara mbili, umeme unaopotea kwa joto ndani ya waya huzidi mara nne. Saa za jioni, kila nyumba inapowasha vyombo vyake, ndipo transfoma hulemewa.

Kwa hiyo hapana budi kuupunguza mzigo wenyewe. Balbu ya zamani ya wati 60 hutoa mwanga sawa na balbu ya LED ya wati 10. Nyumba 1,000 zikibadili balbu nne nne, jioni moja njia hupunguziwa kilowati 200. Uganda, ilipobanwa na upungufu wa umeme, iligawa mwaka 2007 balbu takriban 800,000 za matumizi madogo.

Hatusemi wananchi wakae gizani. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Majiko mengi ya umeme yatakuja. Yakiwa ya kula umeme ovyo, faida ya bwawa itaishia kwenye transfoma zilizoungua.

Tunatoa wito kwa Serikali zetu zote mbili zianze na nyumba zao: ofisi, hospitali na pampu za maji. Mashirika ya umeme yazitambue transfoma zilizolemewa, na balbu bora zigawiwe kwanza katika mitaa hiyo. Aidha, wenye dhamana ya viwango wazuie friji na majiko mabovu bandarini, kabla hayajafika dukani.

Kujenga njia mpya ni kazi ya miaka. Balbu hubadilishwa kwa siku moja. Yote mawili yafanywe, lakini lililo jepesi lisingoje.