Kiendeshi, si Dereva

Tangu Windows 10 ilipokoma kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, shule nyingi hazina budi kuhamia Windows 11. Mwalimu wa Sherikat, ng'ambo ya mashariki ya Nile mjini Juba, huenda akahama na kuikuta printa ya zamani imegoma kuchapa mitihani. Printa yenyewe ni nzima. Windows 11 ni ya biti 64 pekee, nacho kiendeshi kilichoundwa kwa biti 32 hakipokelewi humo. Atafute kipya kwa mtengenezaji. Kisipokuwapo, kompyuta moja ibaki na mfumo wa awali, mbali na intaneti.

Wapo wanaoandika “dereva hayupo”. Tunapinga. Dereva huchukua upatanisho wa A-WA, na mwanafunzi atadhani yuko mtu aliyechelewa kazini. Wengine husema “dereva haipo”, wakaokoa maana na kuvunja ngeli. Neno kiendeshi limetokana na -endesha, kauli ya kutendesha ya -enda. KI- ni ya chombo, na -i ya mwisho ni ile ya mtendaji tuionayo katika mpishi. Tuandike basi: kiendeshi hakijapatikana, viendeshi havijapatikana.