Miwani Tano au Tatu? Tuanze na Macho

Jumanne iliyopita tulikaa kwenye vimbweta kuanzia saa kumi jioni hadi giza likaingia, watu kumi na mmoja, tukibishana juu ya hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Klabu yetu ya wanafunzi wa ualimu imepewa dola 1,500 na wahitimu waliotutangulia, kwa sharti moja: tununue miwani ya uhalisia pepe, VR kama wengi tunavyoiita, ya kufanyia mazoezi ya kufundisha. Usafiri na kodi idara itabeba. Kwa bei zilizotangazwa Marekani mwaka 2024, pesa hiyo inatosha Meta Quest 3S tano, kila moja kama dola 300. Au inatosha Meta Quest 3 tatu, kila moja kama dola 500.

Tano au tatu. Kikao kikaisha bila jibu, na kura tutapiga kabla muhula haujafungwa.

Wengi wanataka tano. Mimi nataka tatu. Pale kwenye vimbweta nilizidiwa sauti, kwa hiyo nimekuja kusemea hapa ambapo hakuna wa kunikatiza.

Kwanza tuelewane juu ya kitu kimoja, maana naona kinawachanganya watu. Mtu akisikia "3S ni ya bei rahisi" anadhani ni nzito, inakwamakwama, na programu zake ni za zamani. Si kweli. Zote mbili zina prosesa moja, Snapdragon XR2 Gen 2, na programu zinazofunguka kwenye moja zinafunguka kwenye nyingine. Betri ya 3S hata inadumu kidogo zaidi: Meta wenyewe wanasema wastani wa saa 2.5, dhidi ya saa 2.2 za Quest 3. Quest 3 ilitoka Oktoba 2023, 3S ikafuata Oktoba 2024 kwa ajili ya watu ambao mfuko hauruhusu. Lakini bei haishuki bure. Kuna mahali walikata, na mahali penyewe ni machoni.

Tuanze na skrini. Quest 3 inalipa kila jicho pikseli 2,064 kwa 2,208. 3S inalipa kila jicho pikseli 1,832 kwa 1,920, sawa na Quest 2 ya mwaka 2020. Namba hizi peke yake hazisemi kitu mpaka uzigawanye kwa upana wa kile unachokiona. Ukifanya hivyo, Quest 3 inatoa kama pikseli 25 kwa kila nyuzi moja ya mtazamo, na 3S kama 20. Jicho zima la binadamu linaweza kutofautisha kama pikseli 60 kwa nyuzi moja. Maana yake hata ile nzuri bado haijafika nusu ya uwezo wa jicho lako. Ukiwa unaanzia chini hivyo, kila pikseli unayoitupa inaonekana, hasa kwenye maandishi.

Halafu kuna lenzi, na kwangu hapa ndipo penye kesi yenyewe. 3S inatumia lenzi za Fresnel, zenye mistari ya duara kama pete ndani ya pete. Wazo hilo ni la Mfaransa Augustin Fresnel, aliyelitumia kwenye minara ya kuongozea meli karne ya 19. Ni lenzi nyembamba, rahisi kutengeneza, na inapitisha mwanga vizuri. Ubaya wake ni kwamba katikati unaona safi, ukisogeza jicho pembeni maandishi yanaanza kuyeyuka. Na herufi nyeupe zikiwa juu ya giza, zile pete hutawanya mwanga na herufi zinaota mikia.

Quest 3 inatumia lenzi wanazoziita pankeki. Sisi tungeziita chapati za maji tu. Ndani yake mwanga unapigwa mbele na nyuma kati ya tabaka kabla haujafika jichoni, ndiyo maana kifaa kizima ni chembamba kwa mbele. Nazo hazikosi kasoro. Ni ghali, na zinapoteza sehemu kubwa ya mwanga njiani, kwa hiyo skrini inabidi iwake kwa nguvu. Lakini unasoma hadi karibu na ukingo bila kugeuza shingo, na hata miwani ikikaa upande kidogo usoni, bado unaona.

La tatu ni umbali kati ya mboni na mboni. Kwa watu wazima wastani ni kama milimita 63, ila tunatofautiana sana. Quest 3 ina gurudumu dogo unalizungusha taratibu kutoka 58 hadi 71 mpaka picha itulie. 3S ina vituo vitatu tu: 58, 63 na 68, na lazima uingize vidole uzisukume lenzi zenyewe. Macho yako yakiangukia katikati ya vituo, utavumilia. Isitoshe, Quest 3 unaweza kuisogeza mbele ili miwani yako ya kawaida ipate nafasi ndani. Kwenye klabu yetu yenye watu kumi na mmoja, wanne tunavaa miwani.

Sasa niwaambie tulichokiona wenyewe. Mwalimu wetu mmoja ana Quest 3 yake. 3S tuliiazima kwa jamaa mwenye kibanda cha gemu mjini. Tukafungua mchoro wa moyo, ule wenye majina ya sehemu zake yamezunguka pande zote, tukapokezana. Ukimuuliza mtu "vipi, unaona?" anajibu "naona, iko poa." Wote kumi na mmoja walijibu hivyo, kwa mashine zote mbili. Kama tungeishia hapo, tungeandika kwenye ripoti kwamba hakuna tofauti, na dola 200 za ziada kwa kila moja ni za kuchezea.

Lakini dada mmoja wa mwaka wa pili tulimwomba asome kwa sauti jina lililo juu kushoto, bila kugeuza kichwa. Alikuwa amevaa 3S. Akanyamaza. Akasema, "Pale kuna maandishi?" Tulipomvua tukakuta lenzi zimeachwa kwenye 68, za mtu aliyemtangulia, na yeye macho yake yamekaribiana. Tukazisukuma hadi 58, akavaa tena, akasema "Kumbe!" Yale ya katikati sasa aliyasoma yote. Ya pembeni bado alilazimika kugeuza kichwa, jina moja baada ya jingine.

Lile "kumbe" lake lilinirudisha mbali. Mpaka nafika kidato cha pili sikujua kwamba sioni mbali. Nilikaa dawati la tatu kutoka nyuma, chaki naiona kama moshi, nanakili kwenye daftari la jirani. Hakuna aliyenikataza kusema. Ila niseme nini? Nilidhani ubao uko hivyo kwa kila mtu, na wenzangu wana akili tu za kuubahatisha. Siku niliyovaa miwani ya kwanza nilitoka nje ya duka nikautazama mwembe: kumbe majani yanahesabika. Wakati huo tayari ripoti yangu ilishaandikwa "hana bidii."

Hoja yangu yote iko hapo. Mwanafunzi asiyeona vizuri hatakwambia, kwa sababu hana cha kulinganishia. Na kwenye VR hali ni mbaya zaidi kuliko ubaoni. Ubaoni mwalimu makini atamwona mtoto anakunja uso, atamsogeza mbele. Mtoto akishavaa miwani ile, uso wake umefunikwa. Wewe mwalimu umesimama nje, humwoni machoni wala huoni anachokiona. Atafurahi, atashangaa, atasema "iko poa", atavua. Swali la mtihani likija kuhusu vali za moyo, atakosa, nawe utasema tulimletea teknolojia ya kisasa na bado hajaelewa.

Najua hoja ya wenzangu wa tano, na siidharau, maana ina hesabu ndani yake. Chukua darasa la wanafunzi arobaini na kipindi cha pamoja cha dakika 80. Ukiwa na miwani tano, unapata mizunguko minane, kila mmoja dakika kumi. Ukiwa na tatu, mizunguko kumi na minne, kila mmoja hata dakika sita hazitimii. Na tunajua sote kwamba arobaini ni darasa la bahati. Wengi tutapangiwa shule zenye sitini na zaidi kwa mkondo mmoja. Mwenzangu mmoja alisema, "Wewe unataka watatu waone vizuri na wengine wakae foleni." Kiukweli lilinichoma.

Lakini zitazameni zile dakika kumi kwa ndani. Mtoto anavaa, anakaza mkanda, mwalimu anasukuma lenzi kituo kimoja, hapana, kingine, hapana, turudi cha kwanza. Kila anayekuja ana macho yake, na kila kukabidhiana ni kurekebisha upya. Mwalimu mmoja, miwani tano, watoto watano wanaoita kwa pamoja: nani ataulizwa "soma jina lile la juu kushoto"? Hakuna. Wataachwa na 68 ya mwenzao. Kwa miwani tatu zenye gurudumu, mtoto anazungusha mwenyewe mpaka aone safi, na mimi nina muda wa kumsikiliza kila mmoja akisoma. Dakika sita za kuona nazichukua kuliko kumi za kubahatisha.

Na hakuna aliyesema darasa zima lipite kwenye miwani kipindi kimoja. Tumefundishwa kupanga vituo vya kazi: kundi moja kwenye modeli ya plastiki, jingine kwenye mchoro wa kitabuni, jingine kwenye VR, wanazunguka kwa vipindi viwili au vitatu. Hiyo ndiyo kazi tunayosomea.

Niseme pia pale ambapo naweza kuwa nimekosea. Kama tungetaka tu kuwatembeza watoto ndani ya bonde la Ngorongoro au juu ya Kilimanjaro, picha bila maandishi, ningepigia kura 3S tano bila kusita. Kwenye mandhari, jicho linasamehe. Ila orodha ya masomo tuliyoiandaa wenyewe ina moyo, seli, jedwali la elementi na ramani. Yote ni majina na namba, na yote yana pembeni. Kuna na somo la nyota, na hapo nawaonya mapema: miwani zote mbili zina skrini za LCD, usiku wake ni wa kijivu. Anayetaka weusi wa kweli aende OLED, kama ya PlayStation VR2, ambayo haifanyi kazi bila PlayStation 5 au kompyuta yenye nguvu. Hatuna.

Na lile wazo la kununua HP Reverb G2 zilizotumika, kwa kuwa zina pikseli 2,160 kwa 2,160 kwa kila jicho na ni rahisi siku hizi? Zilikuwa nzuri kwa kusoma. Lakini zinategemea mfumo wa Windows Mixed Reality, ambao Microsoft wameuondoa kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11. Kompyuta ya maabara ikisasishwa tu, tumebaki na kofia. Rahisi ina sababu.

Kwa hiyo ninachoomba kabla ya kura si pesa wala hotuba. Naomba turudie lile jaribio vizuri. Tuziazime tena zote mbili, tuite watu ishirini nje ya klabu, wenye miwani na wasio na miwani, wenye nyuso ndogo na kubwa. Kila mmoja asome kwa sauti majina yaleyale kumi, matano ya katikati na matano ya pembeni, bila kugeuza kichwa, kwanza bila kurekebishiwa, kisha baada ya kurekebishiwa. Tuandike idadi aliyopata. Ni kazi ya jioni moja na karatasi moja. Matokeo yakionyesha 3S inasomeka kwa wengi, nitanyoosha mkono kwa tano na sitanuna.

Na tukinunua zozote, tatu au tano, tukubaliane tangu leo kwamba swali "unaona?" limepigwa marufuku kwenye klabu yetu. Tuulize, "Pale juu kushoto pameandikwa nini?"

Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Shahada ya Elimu.