Gridi imefika Arua na Koboko, lakini nyumba ni zile zile

Kwa miaka mingi mjadala wa umeme katika eneo la West Nile ulikuwa mmoja tu: upo au haupo. Tangu laini ya kilovolti 132 inayopitia Gulu na Nebbi ilipoiunganisha Arua na gridi ya taifa mwaka 2024, mjadala umebadilika. Sasa wenye nyumba na wenye maduka wanakabiliwa na swali jingine, ambalo halijapata mtu wa kulijibu: umeme huo unaingia katika nyumba za namna gani?

Ifahamike kuwa kampuni ya Wenreco ilipopewa kibali cha kusambaza umeme West Nile mwaka 2003, Arua ilitegemea jenereta ya mafuta mazito yenye uwezo wa megawati 1.5. Mtambo wa maji wa Nyagak karibu na Paidha, megawati 3.5, ulikuja kuzinduliwa mwaka 2012. Kwa umeme wa kiasi hicho, watu walitandaza nyaya kwa kukisia matumizi madogo: taa tatu au nne, redio, na soketi ya kuchaji simu. Wapo waliovuta waya mwembamba kutoka jenereta ya jirani, na waya huo huo ndio ulio ukutani mpaka leo.

Ni kweli kwamba kabla ya nyumba kuunganishwa, fundi mwenye kibali cha mamlaka ya ERA hutakiwa kuikagua na kutia saini. Lakini ukaguzi huo ni wa usalama. Unauliza kama nyumba itaungua. Hauulizi inapoteza umeme kiasi gani. Uingereza ilianza mwaka 2007 kudai kila nyumba inayouzwa iwe na cheti kinachoonyesha daraja lake la matumizi ya nishati, kuanzia A hadi G. Hakuna anayetarajia Koboko ifanye hivyo, na kusema kweli cheti kile kilitungwa kwa ajili ya nchi ya baridi. Kinachohitajika hapa ni mtu mwenye daftari na nusu siku kwa kila nyumba.

Angeanza na taa. Katika mfumo wa bei wa Uganda, uniti 15 za kwanza za mteja wa nyumbani kila mwezi zimewekewa shilingi 250 kila moja, kisha bei inapanda na kuzidi 700. Balbu ya zamani ya wati 60, ile yenye uzi ndani, ikiwaka saa tano kila usiku hula uniti 9 kwa mwezi. Balbu sita za LED za wati 9, kwa saa hizo hizo, hula uniti 8.1 zote pamoja. Yaani balbu moja tu humaliza zaidi ya nusu ya umeme wa bei nafuu wa familia. Mwaka 2007, wakati wa mgawo mkali, serikali ya Uganda iligawa balbu 800,000 za kubana matumizi kwa wateja wa gridi. Arua na Koboko wakati huo hazikuwa kwenye gridi hiyo.

Baada ya taa angekuja kwenye friji, ambayo mara nyingi ni ya mtumba. Kipimo chake ni rahisi: karatasi hubanwa mlangoni, na ikichomoka bila kukwama, mpira umechoka na mashine inafanya kazi usiku kucha bure. Halafu mita. Vifaa vyote vikizimwa na kuchomolewa, na mita ya kulipia kabla ikaendelea kuhesabu, kuna waya unaovuja au jirani aliyeunganishwa kimya kimya.

Suala la jiko ni gumu zaidi. Tangu 2022 kuna bei ya kupikia, shilingi 412 kwa uniti zilizo kati ya 81 na 150, na amri ya rais ya mwaka 2023 dhidi ya biashara ya mkaa kaskazini mwa nchi inasukuma upande huo huo. Hata hivyo, nyumba iliyotandazwa waya wa taa haiwezi kubeba jiko la wati 2,000 na birika kwa wakati mmoja. Punguzo lipo, lakini nyumba hailifikii bila kubadilisha nyaya kwanza.

Kuna na paa. Nyumba nyingi za mjini ni matofali ya kuchoma na mabati, bila dari. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la mabati hushuka moja kwa moja kichwani mwa aliyelala, wakati nyumba ya nyasi ya babu yake kijijini ni baridi. Anayepata umeme hununua feni. Dari, hata ya mikeka ya mafunjo, ingepunguza haja ya feni hiyo.

Lakini nani alipe? Wapangaji wengi wanaishi katika vyumba vya mstari mmoja, na mara nyingi mita ni moja. Mwenye nyumba hapati faida yoyote kwa kuweka dari au kubadilisha nyaya, kwa sababu bili ni ya mpangaji. Mpangaji naye hawezi kutumia pesa kwa ukuta usio wake, anaoweza kuambiwa auhame mwezi ujao. Bila kutatua hili, ukaguzi utabaki kuwa orodha ya kasoro.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani jambo hili si la majirani tu. Balbu, nyaya na mabati yanayouzwa Arua huvuka Vurra kwenda Ariwara, na ya Koboko hupita Oraba hadi Kaya na Yei. Mwenye duka asiyejua nyumba za mjini kwake zinahitaji nini huagiza kilicho rahisi, yaani waya mwembamba na balbu isiyo na alama ya UNBS, na mnunuzi wa Yei, ambaye hana gridi na anawasha kwa sola au jenereta, ndiye anayeumia zaidi kwa kila wati inayopotea. Tayari wapo wateja wa upande wa pili wanaouliza wati kabla ya kuuliza bei.