Ua la Usambara Dirishani Kwako

Huenda umeliona ua hili nyumbani kwa mtu: mmea mfupi, majani ya mviringo yenye manyoya laini kama mahameli, na maua madogo ya zambarau yenye manjano katikati. Wengi hudhani limetoka Ulaya. Sivyo. Kwao ni huku kwetu.

Mwaka 1892 mtawala Mjerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao kutoka Usambara. Mwaka 1893 Hermann Wendland, mtaalamu wa mimea wa Hannover, akalipa jina la bwana yule: Saintpaulia. Leo linauzwa madukani Ulaya na Marekani, na Wajerumani huliita kwa jina la Usambara. Lakini porini humea Tanzania na Kenya tu.

Je, hukaa wapi porini? Hushika kwenye majabali yenye unyevu, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Yashike maneno hayo mawili, jabali na kivuli, nawe umekwisha kujua malezi yake.

Kwanza, jabali. Mizizi yake ni mifupi, na maji yakituama huoza. Twaa kopo dogo, litoboe chini, tia udongo mweusi wa majani yaliyooza uliochanganywa na mchanga wa mtoni. Usishindilie. Kabla ya kulinywesha, gusa udongo kwa kidole. Ukiwa bado na unyevu, ngoja. Ukikauka juu, weka kopo ndani ya sahani ya maji kwa muda wa nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Usimwagie majani: maji baridi huyatia madoa, na yakikaa katika moyo wa mmea huuozesha. Mimi nililiua la kwanza kwa kulinywesha asubuhi na jioni, kama mtoto mwenye homa. Kumbe nilikuwa nikilizamisha.

Pili, kivuli. Weka kopo karibu na dirisha lenye mwanga, lakini jua kali la mchana lisiliguse, kwani huunguza majani. Penye giza nako litaishi bila kuchanua. Maua yakinyauka, yaondoe.

Sasa sikiliza neno kubwa. Ukilitaka ua hili, usipande mlimani kuling'oa. Aina nyingine zimebaki mahali padogo tu, na miti ya kivuli ikikatwa, jabali hukauka, ua nalo hufa. Wala hakuna haja ya kung'oa. Mwombe jirani jani moja zima, lenye kikonyo cha urefu wa vidole viwili. Lichomeke kikonyo katika mchanga wenye unyevu, uweke kivulini. Baada ya majuma matatu au manne litatoa mizizi. Ukivumilia miezi miwili au zaidi, utaona vijimche vikichungulia pembeni. Vikikua kidogo, vitenganishe, kila kimoja na kopo lake.

Basi, mama, jani moja laweza kupamba nyumba yako na ya mkweo pia. Wape watoto kazi ya kulitunza, na uwaambie limetoka wapi. Mtoto aliyelea ua hili dirishani, kesho akipita msituni na panga mkononi, atalitambua jabali lake na kuuacha mti unaolifunika.